Kwa Hatua Zako

Barua ya Bi Mwantumu Sekiteri ilifika Jumatatu,
karatasi ya daftari, mstari mwekundu pembeni,
imekunjwa mara nne, inanukia iliki.
Nikaigonga muhuri: IMEPOKELEWA.
Gurudumu la tarehe limekwama tangu masika,
mwezi nausukuma kwa ncha ya kalamu.
Yah: Mifuniko ya Mtaro, Barabara ya Kumi na Tisa, Ngamiani.
Kisha maswali matatu, salamu hakuna:
Mifuniko arobaini ilinunuliwa?
Kwa shilingi ngapi?
Iko wapi?

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu si kujibu.
Kazi yangu ni kuipa barua namba, kuitoboa matundu mawili,
kuifunga kamba ndani ya jalada
na kulipandisha jalada ngazi.

Likapanda.
Likashuka wiki ya pili, wino wa kijani:
Mhandisi – tafadhali shughulikia.
Likatoka kwa Mhandisi, wino wa bluu:
Mweka Hazina – suala hili lina sura ya fedha. Kwa hatua zako.
Mweka Hazina akaandika kwa penseli,
na penseli hufutika:
Ugavi – naomba maoni yako kabla sijatoa yangu.
Bwana Semhando wa Ugavi alikuwa semina, Lushoto.
Kaimu wake akaandika: Nimeona.
Basi. Nimeona, na nukta.

Mwanasheria aliuliza mwombaji ni nani,
na anataka kujua ili iweje.
Hilo halikupewa folio.
Lilisemwa mlangoni, mkono ungali kwenye kitasa.

Siku thelathini, inasema sheria.
Nazihesabu, ndiyo kazi yangu pia.
Barua hailali kwetu, kila siku iko safarini,
na kila aliyeipokea ameweka sahihi.
Hakuna hata mmoja aliyeikataa.
Ukimtafuta mkosaji
utapata kitabu kizima cha sahihi nzuri.

Bi Mwantumu huja Alhamisi, vitumbua vikishaisha,
kwa miguu, kutoka Kumi na Tisa hadi ngazi zetu.
Hukaa kwenye benchi, hutoa daftari la kurasa mia mbili,
huniuliza: "Leo imelala kwa nani?"
Namwambia. Anaandika.

Alhamisi moja alikwenda kunywa maji, akaliacha wazi.
Sikukusudia kusoma. Nilisoma.
Safu nne, zimepigwa kwa rula:
tarehe, jina, saa, neno lililosemwa.
Kijana wa Ugavi: kesho.
Kijana wa Ugavi: kesho.
Dada wa Mhandisi: kompyuta imegoma.
Na juu kabisa, mstari wa kwanza:
Zaituni Mhina, masjala, saa tatu na robo.
Alipokea. Hakuuliza kwa nini.

Miaka kumi na sita nafungulia wenzangu majalada.
Sikujua kuna mahali
mimi ndiye folio ya kwanza.

Siku ya thelathini na moja likarudi mezani kwangu:
Masjala – mwelekezeni mwombaji ofisi husika.
Husika.
Nikaanza kuitafuta ofisi hiyo kutokea chini,
karatasi kwa karatasi, mate kwenye kidole,
hadi folio ya kumi na nne,
iliyogandana na ya kumi na tatu kwa unyevu.
Nikaibandua kwa rula.
Hati ya mapokezi. Mifuniko iliyofika: kumi na minane.
Iliyolipiwa: arobaini.
Sahihi haisomeki.
Wino ni wa kijani.

Kalamu yangu ni nyeusi, ya kuandikia namba tu.
Chini ya dokezo la mwisho palibaki nafasi ya mstari mmoja.
Nimekaa nao tangu asubuhi,
feni inapepea kona ya karatasi,
nami naibana kwa muhuri.

Leo ni Alhamisi. Viatu vyake navijua, vinaburuta kidogo
kwenye ngazi ya tatu.
"Leo imelala kwa nani?"
"Kwangu," nikasema.
Akafunua daftari, akalilaza gotini,
akatazama kwanza saa ya ukutani.